Zile Hela za Déo

Mount Dennis, Toronto
Tarehe 18 Mei, 2025

Dada yangu mpendwa Jenerosa,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa heshima zote, na ujue nimepiga goti moyoni, maana magoti yenyewe siku hizi hayataki. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, mjukuu wetu Ariane na wote wa hapo Kasulu. Kifua kimepona? Na ule mguu uliokuwa unavimba? Maharage mmeanza kung'oa au mvua imekorofisha tena? Usinijibu kwa mkato kama ilivyo kawaida yako, eti "tupo tu". Nataka kujua mguu umefikia wapi.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi imeondoka juzijuzi, tena imeondoka kwa kununa. Koti kubwa nimelitundika lakini sijalifungia, maana nchi hii huwezi kuiamini. Mgongo wangu ni ule ule, zawadi niliyoachiwa na wazee niliokuwa nikiwainua na kuwageuza kitandani miaka yote ile ya kazi. Asubuhi unanisumbua, mchana unanisahau kidogo. Wenzetu wa kanisani wote wanakusalimu.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi, mimi ninayekupigia simu kila Jumapili. Ni kwa sababu ya simu yako yenyewe, dada. Ile si simu, ni redio ya mtaa. Nikituma sauti, Ariane anaifungua uani kwa nguvu zote, jirani anaacha kupepeta mchele asikilize, na kabla sijamaliza salamu kwaya yenu nzima imeshajua nimesema nini. Haya ya leo si ya uani. Ndiyo maana nimempa Urbanus, yule mzee wa kanisa letu anayekuja huko kuwaona ndugu zake, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Sasa ingia ndani, funga mlango, vaa miwani, usome mwenyewe. Ariane usimpe hata mstari mmoja.

Ni kuhusu zile hela za mwanao Déo.

Najua umeuliza tangu mwezi wa tatu, zilipokosa kufika. Kwanza uliuliza kama mtoto anaumwa. Halafu ukauliza kama amefukuzwa kazi. Wiki mbili zilizopita ulituma sauti ukilia, ukaniuliza kama umemkosea neno, kama kuna mtu amempelekea maneno, na ukanisihi nimwambie kwamba hela huzitaki, unataka tu kujua kama moyo wake umerudi nyuma. Nilikusikiliza nikiwa ndani ya basi, nikashuka kwenye kituo kisicho changu. Jioni nikakujibu kwamba ni matatizo ya benki. Dada, hakuna matatizo ya benki. Benki ni nzima kuliko mimi na wewe. Ngoja nianzie mbali kidogo ili unielewe, maana mambo yote haya yalianza kufumuka kwenye pensheni yangu.

Unaikumbuka siku ile tulipoandikishwa ukimbizi kambini, karani alipotuuliza tumezaliwa lini? Marehemu mama alikuwa akituambia mimi nilizaliwa watu wakiwa shambani wanang'oa maharage. Nikamwambia karani hivyo hivyo. Karani hakutaka maharage. Aliandika tarehe moja, mwezi wa kwanza, kwangu na kwako na kwa foleni nzima iliyokuwa nyuma yetu, akabuni na mwaka, tukasonga mbele. Huku sasa imekuwa kichekesho. Kanisani kwetu, Wakongo na Warundi, karibu wote tumezaliwa siku ya Mwaka Mpya. Mchungaji ananunua keki moja kubwa, tunaimbiwa mara moja, tunapanga mstari kukata vipande kama vile bado tuko kwenye mgao.

Mwaka huu nilipokata changu, Urbanus alinipa mkono akanitania kwamba sasa nimekuwa bibi wa serikali, nimefika sitini na tano. Nikamwambia aniondokee, miaka yangu mimi inahesabiwa kwa mavuno, bado miezi. Tukacheka, tukala keki. Kumbe hapo ndipo nilipopotea, dada. Tarehe ile naiandika kwenye kila fomu ya nchi hii, lakini naiandika kama mtu anavyoandika namba ya simu. Sijawahi kuiona kuwa ndiyo umri wangu. Mwaka jana serikali iliniletea bahasha ya mambo ya pensheni ya uzee. Niliiona, nikajua inahusu nini, nikaiweka juu ya friji nikasema hii bado, mpaka maharage. Ebo! Maharage ya Burundi na serikali ya Kanada, wapi na wapi!

Mwezi wa pili pensheni yangu ya kazini ikaingia benki imekonda. Si kukonda kidogo, imemegwa pande zima. Nikadhani wamekosea. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likawaka moto, kisha akaja msichana mmoja mwenye adabu nyingi akazungumza Kiingereza cha haraka, nikaambulia neno moja tu, sitini na tano. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa kitandani nimeishika mkononi kama mjinga.

Kwenye maktaba ya hapa mtaani kuna dada anaitwa Sukaina, Mhindi wa Tanga, alistaafu kazi ya ofisini, na huja pale kuwasaidia wazee na karatasi zao. Kiswahili chake kitamu mpaka unatamani umwongezee matatizo. Nilimpelekea mfuko mzima. Alisoma, akanieleza kwamba nilipoacha kazi kwa ajili ya mgongo nikiwa na miaka sitini ya karani, pensheni niliyopewa ilikuwa vipande viwili vilivyoshonwa pamoja. Kimoja ni changu mpaka nizikwe. Cha pili wenyewe wanakiita daraja. Hicho ni cha kumvusha mtu mpaka afike umri wa pensheni ya serikali, na akishafika kinaondolewa, kwa sababu wanahesabu kwamba sasa serikali itamshika mkono. Nikamwambia mbona mimi serikali haijanishika. Akaniuliza kama nimeomba. Nikamweleza habari ya maharage. Sukaina alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaona mwenzake sicheki, akaniomba radhi.

Alinieleza na mengine ambayo sikuyapenda. Pensheni ya serikali ya huku inatazama umeishi nchini miaka mingapi tangu uwe mtu mzima. Mwenye arobaini anapata yote, na mimi niliyekuja nimeshakomaa sifiki hata nusu. Ule mfuko mwingine tuliokuwa tukikatwa kwenye mshahara, mimi niliuchukua mapema kwa sababu wenzangu wote wa kazini waliuchukua, kumbe ukichukua mapema wanakupunguzia, na punguzo hilo ni la maisha. Ipo pia nyongeza ya wenye kipato kidogo, na huenda hiyo ikaniinua. Tulijaza maombi siku ile ile. Mpaka leo wananiuliza maswali: niliingia lini, nilitoka lini kuja kumzika mama, nilirudi lini. Watalipa, Sukaina anasema, tena watalipa na ya nyuma. Lakini lini, hilo hata yeye hajui.

Nilikasirika, usiniulize. Nilimkasirikia yule karani, ambaye pengine ameshakufa, maskini. Nikaikasirikia keki. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikumbuka wazi siku niliyoacha kazi, mama wa ofisini alivyonitazama usoni akaniambia sehemu hii ni mpaka sitini na tano, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama vile ananitajia mji ambao sitafika kamwe. Si kwamba nilifichwa. Niliambiwa, nikatabasamu, nikatia saini, nikaenda kununua viatu.

Sasa najua unavyosema hapo ulipo. Unasema, pole sana Dative mdogo wangu, lakini pensheni yako na hela za mwanangu zinahusiana nini? Kaa chini, dada. Kama umekaa, egemea ukuta.

Hela zile hazikuwa za Déo. Hazikuwahi kuwa zake hata mwezi mmoja. Zilikuwa zangu. Ndilo lile daraja.

Nilipoanza kupokea pensheni nilijiambia hivi: kipande cha maisha nitakula mimi, na kile cha muda nitakula na dada yangu, maana sote wawili tumetoka tumbo moja. Siku niliyokupigia kukuambia kuna kitu nimekutumia, ulikuwa umetoka kwenye msiba wa jirani yako. Uliniambia watoto wake wote walikuja, hadi yule wa Mwanza aliyesemwa amepotea, wakambeba mama yao wenyewe. Ukaniuliza, mimi nikifa, je, Déo atajua? Ukaanza kulia kile kilio chako kisicho na sauti. Nami mdomo ukaniponyoka. Nikakwambia usilie, hata hizi zilizofika leo ametuma Déo.

Dada, ulipiga kelele mpaka nikaitoa simu sikioni. Nikasikia vigelegele, nikasikia unaita watu. Ningeyarudishaje maneno hayo mdomoni, niambie? Mwezi uliofuata ukauliza kama Déo ametuma tena, nikasema ametuma. Ikawa hivyo. Ukaezeka nyumba, ukaziita bati za Déo. Ukatibiwa kifua, ukasema Déo ndiye daktari wako. Ukasimama kanisani mbele ya watu ukashuhudia kwamba mwanao amekusamehe. Mimi huku nilikuwa nakusikiliza nikifurahi na kuogopa kwa pamoja, kisha nazima simu naenda kupika.

Daraja lilipokatika, mwezi wa pili nilijibana, nikapunguza nyama, nikakutumia kama kawaida. Mwezi wa tatu sikuweza. Hapo nilikuwa na njia rahisi kabisa. Ningesema Déo amebanwa, au Déo ameacha. Kisha serikali ikinilipa ningesema amerudi, ukapiga tena vigelegele. Nilikaa na uongo huo siku nyingi, nimeuandaa vizuri, umekamilika. Lakini uliposema unataka tu kujua kama moyo wake umerudi nyuma, niliona aibu. Kijana nilimpa sifa asizozijua. Sasa nimpe na lawama asizozijua? Hapana. Hiyo ilinishinda.

Na kuna jambo lingine, dada, ambalo naona ni baya kuliko hela. Zile sauti zako. Kila mwezi ulituma ukisema, mfikishie mwanangu. Ulimsimulia bati, ulimwimbia, ulimweleza ya siku ile ya kuondoka kwetu, ulimwombea mke mwema. Sikumfikishia hata moja. Zote nimezihifadhi kwenye simu, hakuna niliyoifuta, lakini hakuna niliyompa. Nilijiambia ni kwa sababu akizisikia atagundua uongo wangu. Ni kweli, ila si kweli yote. Kwenye karatasi zote za nchi hii mimi ndiye mama yake Déo. Shuleni waliniita mimi. Alipovunjika mkono, hospitali waliniita mimi, wakasema mama ingia. Mungu hakunipa mtoto, akaja karani akanipa, na mimi nikanogewa. Niliogopa kwamba akisikia sauti yako moyo wake utageuka uende kwako, nami nibaki mama mdogo wa kuletewa unga. Hilo nakuomba unisamehe kuliko yote. Hela ni zangu, nilizitoa kwa hiari. Sauti hazikuwa zangu.

Sasa kuhusu yeye. Miaka yote nimekuwa nikikwambia Déo ana aibu, Déo ana kazi nyingi, Déo hajui cha kusema. Si aibu, dada. Ni siku ile kambini, mbele ya meza ya karani wa safari. Jina langu lilikuwa limeonekana kwenye orodha ya safari ya kuja Kanada na lako halikuonekana, kwa sababu umeolewa na Mtanzania. Ulinifuata jioni ukaniambia nikubali tu, nisiulize. Asubuhi ukamleta amevaa shati la shemeji. Karani akauliza huyu mtoto ni wa nani, ukajibu ni wa Dative. Karani akakutazama, akauliza na wewe ni nani kwake. Ukasema, mimi ni mama yake mkubwa. Ulisema bila kutetemeka, na mtoto amesimama katikati yetu, mkubwa wa kutosha kuelewa kila neno. Mimi ninajua ulivyorudi nyuma ya choo ukatapika mpaka ukakosa cha kutapika. Yeye hakuona. Yeye alisikia tu.

Tangu tufike huku, akilazimika kukutaja, anasema mama mkubwa. Mwanzoni nilimkemea, nikamwambia huyo ni mama yako mzazi. Akaniambia hapana, imeandikwa. Anasema hivyo hivyo mpaka leo ni mwanamume mwenye ndevu. Sikukwambia kwa sababu nilijua lingekuua.

Jumapili iliyopita alikuja kama kawaida kutoka Brampton, ambako anapanga chumba cha chini kwenye nyumba ya watu na kufanya kazi ghalani, kupakia na kupakua. Huniletea unga na ndagala, wale dagaa wa kwetu, kutoka duka la Waafrika, anatoa takataka, anakula, anaondoka. Mimi nazungumza Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Niliweka ugali mezani, na kabla hajanawa mikono nikamwambia yote. Nilijua nikimwacha anawe nitapoa, nitaahirisha mpaka Jumapili nyingine.

Alinisikiliza amesimama. Kisha akawaka, dada, sijawahi kumwona hivyo. Aliniuliza ni nani aliyenipa kibali cha kusamehe kwa jina lake. Alisema yeye hajamsamehe mtu, na sasa kuna kijiji kizima upande wa pili wa dunia kinachojua kwamba amesamehe, isipokuwa yeye mwenyewe. Alisema mimi na wewe ni wale wale, tunakaa mezani tunamgawa, mmoja anasema si wangu, mwingine anasema amesema hiki. Alichosema ni kweli tupu. Nililia, sikufichi, na yeye hakunibembeleza.

Alipochoka kufoka aliniuliza huwa unasemaje. Nikamwambia sitasema mimi tena kwa niaba ya mtu yeyote, nikampa simu. Hakutaka kusikiliza mbele yangu. Aliichukua akashuka nayo, akaingia ndani ya gari lake lililokuwa limeegeshwa hapo chini, akafunga mlango. Mimi nikasimama dirishani. Nilimwona ameinamisha kichwa kwenye usukani. Watoto wa jirani waliupiga mpira ukagonga gari lake, hakuinua hata uso. Ugali ukapoa ukaota ngozi. Nilifikiri ataondoka na simu yangu na sitamwona tena, na haki ya Mungu nilijiambia kama ni hivyo, basi nimestahili.

Akapanda. Macho yalikuwa mekundu. Alinawa mikono, akaketi, akala ule ugali wa baridi wote, na mimi sikuthubutu hata kumwambia niupashe moto. Kisha akaniuliza jambo moja. Kwenye mojawapo ya zile sauti umesema kwamba siku ya kuondoka ulilikimbilia lori mpaka kwenye kizuizi. Alitaka kujua kama ni kweli, au ni maneno ya mtu mzima anayetaka kuonewa huruma. Nikamwambia ni kweli, nilikuona kwa macho yangu, mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwa lori na yeye alikuwa amejikunja katikati ya mizigo amefunika uso. Nikamwambia kitenge chako kilidondoka barabarani, ukakiacha, ukaendelea kukimbia na gauni la ndani mbele za watu, wewe dada uliyekuwa huwezi hata kuchota maji bila kujifunga vizuri. Askari ndio waliokushika pale kwenye kizuizi.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia hilo siku ile ile, au kesho yake, au hata mwaka mmoja kati ya miaka hii yote. Dada, mpaka sasa ninapoandika nimelitafuta jibu na silioni, isipokuwa lile nililokwisha kukuandikia hapo juu, la kuitwa mama.

Juzi akaja tena, wala si Jumapili. Alikuwa amesikia kwamba Urbanus anasafiri. Hakuvua viatu, alisimama mlangoni, akatoa hela mfukoni zimekunjwa. Alisema nisithubutu kukuandikia kwamba amekusamehe, kwa sababu hajakusamehe, na hajui kama ataweza. Kupiga simu hatapiga kwa sasa, na wewe usimpigie wala usimtume mtu. Kwa hiyo, dada, nakuomba uyatii hayo jinsi yalivyo. Kanisani usisimame. Ukiulizwa, sema tu kwamba mdogo wako amekuandikia mambo ya pensheni yake, na hutakuwa umedanganya.

Hela hizo Urbanus atakupa kwenye bahasha nyingine. Ni chache kuliko ulizozoea. Usizihesabu ukasikitika. Zile zote ulizozishangilia zilikuwa zangu, na hizi ndizo za kwanza zilizotoka mfukoni mwake. Serikali ikishanilipa na mimi nitakutumia, safari hii kwa jina langu.

Nilipokuwa nazipokea aliniambia kwa Kiswahili, yeye ambaye hajanijibu kwa Kiswahili tangu akiwa shule, kwamba nizifikishe kwa mama. Nilisubiri aongeze lile la "mkubwa" analolisemaga siku zote. Hakuongeza. Alishuka ngazi, nikasikia gari linaondoka.

Basi dada, mkono umechoka na karatasi imekwisha. Msalimie sana shemeji, mwambie dawa ya macho aliyoniagiza iko kwenye mzigo wa Urbanus, atie asubuhi na jioni. Ariane mpe busu na umwambie bibi yake wa Toronto hamkasirikii kwa ile redio yake. Wasalimie wanakwaya, lakini salamu tu. Ukinikasirikia, nikasirikie, una haki zote, ila usiache kunijulisha habari za mguu. Mungu akulinde mpaka tuonane, na tukionana nitakuja na magoti yangu haya haya mabovu nikuamkie ana kwa ana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Dative,
mama mdogo wa Déo.